Mia tatu ya kweli

Filimbi nlikabidhiwa 1988, na wala si kwa kuwa nlijua riadha. Nlikuwa mwalimu mgeni na mdogo kuliko wote pale skuli, na mwalimu wa michezo alokuwepo kabla yangu alishahamishiwa Unguja. Mwalimu mkuu akanipa filimbi, mpira mmoja ushachanika, na vijiti vinne vya kupokezana vilochongwa kwa mti wa mfenesi, akanambia, "Maalim, watoto hao wapo, uwanja huo upo." Basi. Hiyo ndo semina nlopata. Mie nlisomea hesabu. Nkakaa kwenye kazi hiyo miaka 36, miaka 17 skuli hapa Pemba na 19 chuo cha ualimu, mpaka 2024 nilipofikisha miaka 60 nkarudisha funguo za stoo nkaenda zangu nyumbani.

Vijana wangu wa zamani wameniomba mara nyingi niandike kuhusu medali, kuhusu nani alishinda mwaka gani. Hayo yapo kwenye madaftari, anaeyataka aje nimpe aangalie. Mie nnataka kuandika kuhusu uwanja.

Riadha nlokuwa naijua mie ni ya redioni. 1974 nlikuwa na miaka 10 na ami yangu alikuwa na redio ya mbao kubwa ikikaa juu ya kabati, hatukuwa tukiruhusiwa kuigusa. Ndo nliposikia jina la Filbert Bayi, kakimbia mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3:32.16, rekodi ya dunia, na kaongoza tokea bastola ilipolia mpaka mwisho, John Walker yuko nyuma yake anamtafuta hampati. Ami akawa anatuhadithia utasema alikuwepo. Sisi watoto tukatoka nje tukakimbia kuzunguka mskiti, kila mmoja Bayi, na kila mmoja akitoka kasi mwanzo kabisa akifika kwenye kisima kashakwisha. Kwa hiyo nlipopewa filimbi nlichokuwa nnakijua ni hicho tu, toka kasi ukaze mpaka mwisho. Imenichukua miaka kujifunza kwamba Bayi alikuwa akitoka vile kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mazoezi ambayo redio haikuyasema.

Sasa uwanja. Uwanja wa skuli yetu ulikuwa wa mpira, una magoli ya mikoko, upande wa kibla kuna minazi na upande wa pili mteremko unaoenda bondeni kwenye mpunga. Pembeni ya uwanja wa mpira kulikuwa na njia ilokanyagwa na miguu ya watoto miaka na miaka, imezunguka, kwenye pembe imejikunja. Hiyo njia ikiitwa mia nne. Mwalimu alotangulia akiita mia nne, watoto wakiita mia nne, na mie nlivyofika nkaita mia nne. Sikuuliza nani alipima. Mwalimu wa hesabu mie, nafundisha watoto wahakikishe jibu kabla ya kulipigia mstari, na uwanja nnaoukanyaga kila siku sikuwahi kuuhakikisha.

1993 nlikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili. Jina lake silitaji, mwenyewe akisoma hapa atajijua. Nlimuona siku ya kwanza si uwanjani, nlimuona anapandisha ule mteremko na ndoo ya maji kichwani, wenzake wanatembea na yeye anapanda kwa mwendo mmoja, hapunguzi, ndoo haimwagiki. Mtu anaepanda vile ana kiuno kimetulia na ana pumzi, na hivo viwili ndo mita 400. Spidi unaweza kumuongezea mtoto kidogokidogo lakini utulivu ule mtu anakuja nao kutoka kwao.

Nkenda kwa baba yake. Alikuwa mvuvi, nlimkuta barazani anasuka dema, mtego wa samaki. Nkamuamkia, nkakaa, tukazungumza upepo kwanza, tukazungumza bei ya samaki, kisha nkamwambia shida yangu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Maalim, mtoto wa kike akikimbia, anakimbilia wapi?"

Nkamjibu, "Mzee wangu, anazunguka tu. Anarudi palepale alipotokea."

Akasuka kidogo. Akavuta ufito, akaukata kwa meno. Halafu akasema, "Basi arudi kabla ya magharibi. Na mtandio usimtoke."

Wapo wanaosema wazee wa Pemba walikuwa wakizuia watoto wa kike. Baadhi walizuia, kweli, lakini wengi nlowafuata barazani nkakaa nao kwa heshima walikubali, na masharti yao yalikuwa ya mzazi yeyote, aende na nani, atavaa nini, atarudi saa ngapi. Makocha vijana nnawaona siku hizi wanatuma ujumbe kwenye simu wakijibiwa hapana wanasema jamii ina mila ngumu. Nenda kwake. Kaa. Mwache akuone.

Tukafanya mazoezi miezi minane. Suruali, mtandio, miguu mitupu, maana raba hakuwa nazo na nlipomtafutia jozi akasema zinamzuia. Kila Jumaane nlikuwa nnampima mzunguko mmoja kwa saa yangu ya Casio. Mwezi wa tatu sekunde 62. Mwezi wa tano 60. Halafu 59, halafu 60 tena, halafu 59 mara mbili mfululizo, nkaiandika kwa wino mwekundu. Nliwaambia walimu wenzangu tunae. Nliwaambia watu wa Chake Chake tunae. Na kubwa zaidi nlimwambia yeye mwenyewe, kwamba kwa muda ule akenda Unguja hakuna wa kumshika. Mtoto wa miaka 15 ukimwambia kitu kama hicho, analala nacho.

Michezo ya Elimu Bila Malipo kwa asojua ni ya Septemba, kwa kukumbuka tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alipotangaza elimu iwe bure Zanzibar, na kwa mtoto wa skuli wa visiwani hakuna kubwa kuliko hiyo. Mwaka ule tuliondoka Mkoani kwa meli usiku. Bahari ya baina ya Pemba na Unguja mnaijua. Watoto walitapika mpaka wakawa hawana cha kutapika, na yeye zaidi kuliko wote. Nkakaa nae ubaoni nje apate upepo, namnywesha maji ya ndimu, hayakai. Alfajiri tukaingia Malindi, tukapelekwa kwenye skuli moja tukalala kwenye madarasa kwa muda wa saa tatu nne hivi, na alasiri tuko uwanja wa Amaan.

Amaan mie mwenyewe nlikuwa nimeingia mara mbili tu maisha yangu. Uwanja ule Wachina walijenga, ukafunguliwa 1970, na kwa mtoto alotoka kwenye magoli ya mikoko ukiingia pale unahisi mbingu imesogea juu. Nlimuona anaangalia jukwaa. Nkamwambia usiangalie watu, angalia njia yako.

Alikimbia 65. Akawa wa sita katika saba, na wa kwanza alimuacha mita 25 au zaidi. Nlisimama pale na saa yangu mkononi, nkadhani imeharibika. Nkauliza mwalimu mwengine alokuwa anapima, akasema na yeye kapata 65.

Na hapa ndo penyewe. Usiku tukirudi kwenye meli nlimfuata alikokaa kajifunika khanga gubigubi, nkamwambia maneno haya, nayakumbuka yote: "Ulitishika. Nguvu unazo, uwanja mkubwa umekutia hofu. Mkimbiaji haogopi." Hakunijibu. Jumatatu hakuja mazoezini. Wiki ya pili nkamuita ofisini akaja, akasema, "Maalim, nimekwisha acha, mie muoga." Akaondoka. Maneno yale ni yangu, ila kayachukua kayafanya yake.

Wiki kama tano baadae nlikuwa nafundisha mzingo wa maumbo, darasa zima limesinzia kwa joto, nkasema hebu tutoke nje tupime kitu tukione. Kulikuwa na fundi anajenga choo cha skuli, nkamuazima tepu ya mita 50. Tukapima uwanja wa mpira. Halafu kijana mmoja akasema tupime na mia nne basi, Maalim. Tukaweka vijiti kila hatua kwenye pembe, tukapitisha tepu kwa ndani pale watoto wanapokanyaga, tukaandika ubaoni moja moja, tukajumlisha.

372.

Nkasema mumekosea, rudieni. Wakarudia. 372 na kidogo. Nkashika tepu mwenyewe mara ya tatu. Watoto walikuwa wamefurahi ajabu, hawajawahi kuona somo la mzingo linawaumbua wakubwa. Mie nkakaa chini ya mnazi nkapiga hesabu nyuma ya daftari. Sekunde 59 kwa mita 372, kwa mwendo uleule mita 400 ni sekunde 63.4, na huwezi kuushika mwendo uleule kwa mita 28 za mwisho maana ndo pale miguu inapokuwa mawe, kwa hiyo sema 64, sema 64 na nusu. Na yeye kakimbia 65. Baada ya kutapika usiku kucha, bila kula, kwenye uwanja asioujua. Kwa hiyo siku ile Amaan hakutishika hata chembe. Alikimbia chote alichokuwa nacho, na mie nikamwambia muoga.

Ningeenda siku ileile kwa baba yake nikasema. Sikwenda. Mwanzo nlijiambia nitamwambia akija, hakuja. Halafu nlijiambia keshasahau. Halafu akaolewa, 1996 wakahamia Oman kama wengi wetu, na mie nkabaki na lile daftari. Sina namna ya kulipamba hili. Niliona haya, na kila mwaka ukipita haya inakuwa kubwa.

Nlichofanya ni kujifunza kuchora uwanja. Nlimfuata mzee mmoja mpima ardhi mstaafu Wete akanifundisha kutia pembe mraba kwa mita 6, 8 na 10, kama mafundi wa nyumba wanavofanya ila wao wanatumia 3, 4 na 5. Nkapata kitabu cha sheria za riadha kwa mtu alotoka kozi bara. Uwanja wa kawaida wa mita 400 ni hivi: mistari miwili iliyonyooka kila mmoja mita 84.39, na kona mbili za nusu duara zenye nusukipenyo mita 36.50 kwenye ukingo, ule ulioinuka kwa ndani ya njia ya kwanza. Lakini umbali haupimwi juu ya ukingo, unapimwa sentimita 30 nje yake, maana hakuna mtu anaekimbia amekanyaga ukingo. Kwa hiyo kona unazipigia hesabu kwa 36.80, mara pai mara mbili unapata 231.22, jumlisha 168.78 za mistari miwili, mia nne kamili. Nlipoiona hesabu hiyo imefunga vile nlifurahi mno, nkaichora ubaoni nkawaita walimu wenzangu waje waone.

Tatizo ardhi. Uwanja kama huo unataka urefu wa karibu mita 160 na upana wa zaidi ya 75 hata kabla hujaongeza njia za pembeni, na sisi tulikuwa na minazi na mpunga. Nkakaa siku tatu nahangaika kuubana. Nlitaka mia nne. Mwalimu mkuu akasema weka tu hivyohivyo Maalim, 372 na 400 nani atajua. Nkamwambia mtoto atajua, atakapofika Unguja.

Tukachora 300. Mistari ya mita 60, kona zenye nusukipenyo 28.45, na kwa kuwa sisi ukingo hatuna, chokaa tu, sheria inasema pima sentimita 20 kutoka kwenye mstari, kwa hiyo 28.65, kona zote mbili zinakupa 180, jumla 300. Katikati ya kila kona nlipigilia chuma cha nondo mpaka kikazama chini ya majani, ili chokaa ikioshwa na masika tusianze kutafuta upya. Kamba ya usumba nliijaribu nkaitupa, ukiivuta inakuongezea, leo inasema hivi kesho vile. Tukatumia waya wa simu. Watoto wakabeba chokaa kwenye makopo ya maziwa yalotobolewa matundu chini.

Wenzangu wengine waliona nimeushusha uwanja. Skuli nyengine wana mia nne nyinyi mna mia tatu! Lakini mia tatu ina raha yake, mita 1500 ni mizunguko 5 kamili, 3000 ni 10, mtoto hapotei hesabu. Na 400 ni mzunguko mmoja na mia moja juu, ile mia ya mwisho inaanza pale unapodhani umemaliza, ukimzoesha mtoto hiyo hakuna kitu kitakachomshtua popote. Tukaiita mia tatu ya kweli. Jina walilitoa watoto.

Njia ya pili na ya tatu ilileta ugomvi wake. Kila njia ina upana wa mita 1.22, kwa hiyo ukizunguka mzunguko mzima alo nje anakimbia mita 7.67 zaidi ya alo ndani, ndo unamsogeza mbele. Siku ya mashindano ya mabweni mzazi mmoja alisimama akasema Maalim anapendelea, yule kawekwa mbele ya mwanangu. Nkamchukua, nkampa tepu, tukapima mimi na yeye njia zote mbili mbele ya watu. Baada ya hapo ikawa mashindano yakianza yeye ndo anaekwenda kukagua mistari na hakuna mtu anaegombana nae.

Karafuu nnaitaja kwa mapenzi na kwa hofu. Msimu ukifika skuli zinapwaya, watoto wako juu ya mikarafuu, na mie sikuwahi kumlaumu hata mmoja maana hiyo ndo sare yake ya mwaka ujao na ndo mchele wa nyumbani. Kijana wangu bora wa mita 800 alikuwa mchumaji, miguu yake ilikuwa inashika ardhi kama inavoshika tawi. Mwaka mmoja wa mavuno makubwa tawi likamvunjikia. Alivunjika mkono na bega, akapona, akarudi kukimbia mkono mmoja haunyooki vizuri, ikabidi nimfundishe upya namna ya kuutupa ule mzima bila kiwiliwili kupinda. Hakuwa tena wa kwanza, alikuwa wa tatu, wa nne. Hakukosa mazoezi hata siku moja. Sasa hivi ana watoto wake na hawapandi, anakodi watu.

Ramadhani watu wananiuliza sana. Jibu langu, usifanye mazoezi makali ya kukata pumzi mchana, kwisha. Nlikuwa nawaita saa kumi na moja jioni, tunanyoosha viungo, tunatembea, tunafanya mbinu za kijiti kwa mwendo wa pole, na adhana inakuta mtu anakaribia kwao. Wale wa chuo tulifanya baada ya tarawehe, saa nne usiku, mwezi ukiwa mkubwa uwanja unaonekana wote, chokaa inang'ara. Nna kumbukumbu nyingi za riadha lakini zile za usiku wa Ramadhani, wanafunzi ishirini na kitu wamefuturu vizuri wanazunguka kimya unasikia nyayo tu, zile ni za peke yake.

Na saa. Ukisimama mwisho wa mita 100 ukasubiri kusikia ubao wa kuanzia unagonga ndo ubonyeze, ushamuibia mwenzio, sauti inachukua karibu sekunde 0.3 kukufikia. Ndo maana mwanzishaji lazima ainue mkono na kitambaa, unaangalia mkono, husikilizi. Hata ukifanya vizuri saa ya mkono inatoa muda mfupi kuliko saa ya umeme, kwa mita 100 na 200 wanaongeza sekunde 0.24 ili zilingane, kwa 400 wanaongeza 0.14. Nlikuwa nawaambia walimu wangu wa chuo, ukimwandikia mtoto muda, andika na umepima vipi. 12.1 ya mkono na 12.1 ya umeme ni watu wawili.

Chuo nlihamia 2005. Watu walidhani nimepanda cheo, na kwa mshahara ni kweli, lakini mie nlienda kwa jambo moja. Kila mwalimu mwanafunzi anaepita kwangu asitoke bila kuchora uwanja kwa mikono yake, tokea pembe ya 6, 8 na 10 mpaka njia ya nne, na asaini. Timu ya chuo tulikuwa nayo na ilikuwa nzuri, hasa kijiti cha wasichana, mpaka sheria ikabadilika eneo la kupokezana kwenye mia moja kwa wanne likawa mita 30 badala ya 20 nkawafutia alama zote tukaanza upya, wakalia. Lakini mtu wa miaka 22 ukimpokea kwa mara ya kwanza unakuta keshafundishwa vibaya miaka kumi, mikono inapiga kifuani, anakimbilia visigino, na unajua fika huyu angeshikwa na miaka 12 angekuwa mwengine. Dawa iko skuli, na huko dawa ni yule mwalimu alopewa filimbi kwa kuwa ni mdogo kuliko wote. Huyo ndo nlikuwa namtafuta mie miaka 19.

Nnaisema hii bila kumung'unya: mpira wa miguu unakula kila kitu. Bajeti ikija ni mpira, jezi ni za mpira, uwanja ukitengenezwa kwanza ni magoli. Uwanja wa Gombani, Chake Chake, tuna njia ya tartani, ile ya mpira maalum, ya kukimbilia, nzuri, lakini mtoto wa Micheweni anaiona siku ya mashindano tu, anaingia na miguu mitupu saa saba mchana inamuunguza nyayo, na watu jukwaani wanasema hawa watoto hawana mazoezi. Chokaa mfuko mmoja, waya, tepu, nondo mbili. Hakuna skuli kisiwani haiwezi. Na kuchagua timu wiki moja kabla ya tamasha kwa kuwakimbiza darasa zima mita 100 na kuwachukua watatu wa mwanzo, huko ni kutafuta nani kakomaa mapema, yule alotulia anaepandisha mteremko na ndoo humuoni kwa namna hiyo.

2011, ilipozama meli ya Spice Islander usiku wa Septemba 10 ikija huku Pemba, kuna wanafunzi wangu wa zamani waliondoka. Mwaka ule na uliofuata mzazi akikwambia hampandishi mwanawe meli unamwambia sawa. Siendelei na hili.

Mwezi wa tisa 2025 nlikuwa macho usiku wa manane na simu, naangalia maratoni ya mashindano ya dunia Tokyo. Alphonce Simbu, Mtanzania wetu. Kilomita 42 na mita 195, saa 2:09:48, na yule Mjerumani Amanal Petros ameandikiwa 2:09:48 hiyohiyo, wametenganishwa na sekunde 0.03. Medali ya dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Nlilia, mke wangu akaamka akadhani kuna msiba.

Mchana wake ikaingia voisi kutoka namba ya Oman. "Assalaamu alaykum Maalim. Umemuona Simbu?" Sauti ya mtu mzima lakini nliijua kabla hajajitaja. Alipata namba yangu kwenye grupu la skuli. Ana watoto wanne, anakaa Muscat, kila asubuhi anatembea ufukweni kwa ajili ya sukari. Akacheka, akasema, "Mie ningekuwepo pale ningekimbia nyumbani kwa woga, unanijua."

Nliisikiliza ile voisi mara ngapi sijui. Nkatoka nje, nkarudi. Nkampigia.

Nkamwambia yote. Tepu ya fundi, 372, hesabu nyuma ya daftari, na kwamba nlijua tokea wiki ya tano na nlinyamaza miaka 32. Nkamuomba radhi. Kimya, mpaka nkadhani simu imekata.

Akauliza, "Kwa hiyo ile 59 ilikuwa ngapi kweli?"

"64. Labda 64 na nusu."

"Na Unguja nlikimbia 65."

"65. Na ulitapika usiku mzima."

Nkasikia anavuta pumzi, na nyuma yake sauti za watoto na chombo kinaoshwa. Halafu akasema polepole, "Basi nlikimbia, Maalim."

"Ulikimbia."